Mali bila daftari huisha bila habari

Somo la kujadiliwa katika vikundi



Katika mikutano yenu tunasikia mara nyingi neno hili: "Aa, hiyo ni pesa ya serikali." Maana yake ni kwamba haituhusu. Leo tujifunze kwamba inatuhusu sana, na kwamba kuuliza ni haki yetu.

KUONA

Mama akinunua sabuni ya shilingi 116, shilingi 16 kati ya hizo ni ushuru wa VAT. Hata asiye na mshahara analipa. Mwenye mshahara naye hukatwa tena pesa za NSSF, yaani hazina ya kumtunza uzeeni.

Tutazame mfano wa Tassia, mtaa wa Embakasi, Nairobi, ambako vijana wengi kutoka mashambani wamepanga vyumba. NSSF ilikuwa na shamba kubwa hapo, ikalikata ploti na kuuza. Mwaka wa 2013 ikaandikiana mkataba na kampuni ya ujenzi ili iweke barabara, maji na mabomba ya maji machafu. Bei: zaidi ya shilingi bilioni 5.

Bilioni 5 ni pesa ngapi? Wakati huo mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Kwa miaka 10, hiyo ni shilingi 48,000. Basi mradi ule mmoja ulikuwa sawa na michango ya miaka 10 ya wafanyakazi zaidi ya laki moja!

Kwamba mtaa unahitaji barabara na maji, hatubishi. Ugomvi ulikuwa juu ya idhini. Francis Atwoli, katibu mkuu wa COTU na mmoja wa wadhamini wa hazina hiyo, alisema hadharani kwamba bodi haikupitisha mkataba. Wasimamizi wakasema ilipitisha. Mwaka wa 2014 kamati ya Bunge ikachunguza.

KUAMUA

Hapa hatumhukumu mtu. Tazameni jambo hili tu: waliobishana ni watu walioketi meza moja. Kama wao hawakupatana juu ya yale waliyoyapitisha, yule wa kiwandani aliyekatwa 200 angejua nini?

Mtume Paulo alipochangisha pesa kwa maskini wa Yerusalemu hakuzishika peke yake. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asipate lawama (2 Wakorintho 8:19-21). Hakungoja kushukiwa ndipo aonyeshe mikono yake.

Katiba yetu ya 2010 inasema vivyo hivyo. Kifungu cha 201 kinataka pesa za umma zitumiwe kwa uwazi na wananchi washirikishwe. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

KUTENDA

Kuna sheria ya mwaka wa 2016 inayoonyesha njia ya kupata habari hizo. Mkisikia mradi unakuja kwenu, zahanati au barabara, msingoje trekta ifike. Fanyeni hivi:

1. Andikieni barua ofisi inayohusika. Kiswahili kinakubaliwa. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, na afisa lazima aandike.

2. Ulizeni wazi: Nani alipitisha mradi, na lini? Ni shilingi ngapi? Nani kapewa kazi? Imelipwa kiasi gani? Itaisha lini? Barua ya kulalamika tu haijibiki.

3. Baki na nakala iliyopigwa muhuri. Afisa ana siku 21 za kujibu. Kuomba habari hakulipiwi. Mnaweza tu kulipia gharama ya nakala.

4. Wakikataa, pelekeni jambo hilo kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30.

Lakini tuanzie nyumbani. Kikundi ambacho mweka hazina wake peke yake ndiye anayejua pesa zilizoko kitamwulizaje chifu au mbunge?

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni mradi gani hapa kwetu ambao hatujui bei yake? Kwa nini hatujauliza?

2. Daftari la kikundi chetu lilisomwa mbele ya wote lini mara ya mwisho?

3. Nani ataandika barua, nani ataipeleka, na tutakutana siku gani kusikia jibu?