"Hekalu" au "Mzimu"? Tatizo la Kutafsiri Asakusa

Wanaozuru mitaa ya Tokyo kwa vigari vya gokati hupitia Asakusa, mbele ya lango la Kaminarimon. Ndani vigari haviingii. Sharti mtu ashuke. Humo mna Senso-ji, hekalu la Kibudha, na jirani yake Asakusa Jinja, ya dini ya Shinto, iliyojengwa mwaka 1649. Watafsiri wetu huyaita yote mawili "hekalu". Hapa pana kasoro, kwani mwaka 1868 serikali ya Meiji iliamuru dini hizo zitenganishwe, na mahekalu mengi ya Kibudha yakabomolewa. Jinja hiyo huenzi roho za watu watatu wanaohusishwa na chanzo cha Senso-ji. Twapendekeza basi "mzimu", yaani mahali pa matambiko, ingawa neno lenyewe huwatisha baadhi ya wasomaji. Torii, lango lake, libaki torii.