Ramadhani, siku ya 11: Punguza ili udumu



Alhamdulillah, kumi la kwanza limepita. Usiku wa kwanza tulijaa mpaka watu wakatandika mikeka nje. Jana zilikuwa safu nne na nusu. Siandiki haya kumlaumu mtu. Naandika kwa sababu mwaka jana mimi mwenyewe ndiye niliyewachosha.

Wanaokumbuka wanajua. Nilibandika ratiba ukutani: darsa baada ya alfajiri, tafsiri baada ya adhuhuri, tajwidi ya kina mama baada ya alasiri, watoto wa madrasa asubuhi, mashindano ya kuhifadhi kila Ijumaa, na tarawehe juzuu nzima kila usiku. Kwa macho ilikuwa ratiba nzuri. Siku ya 9 sauti ikanikauka. Siku ya 12 nikawa nachelewa darasa la watoto, siku nyingine sifiki kabisa. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa ameanza kuunganisha herufi. Alikuja siku tatu akakuta mlango umefungwa. Ya nne hakuja, na mpaka Idi hakurudi. Nilishika mambo sita, likaniponyoka lile ambalo naogopa zaidi kuulizwa mbele ya Allah.

Na aibu yangu ni kwamba hilo nilishafundishwa chuo cha ualimu. Tukiandika andalio la somo, mkufunzi alikuwa anatukatia: kipindi kimoja, lengo moja. Ukijaza malengo matano kwenye dakika 40, mtoto anatoka mikono mitupu. Nilifuata hilo kwenye hesabu, nikalisahau kwenye ibada.

Sasa tumtazame sahaba Abdullah bin Amr bin Al-As (r.a.). Alikuwa kijana mwenye nguvu. Anafunga kila siku, anakhitimu Qur'ani kila usiku. Mkewe akakosa haki yake. Habari ikamfikia Mtume (s.a.w.), akamwita na kumwelekeza: afunge siku tatu kila mwezi, na Qur'ani aimalize kwa mwezi. Abdullah akasema anaweza zaidi ya hapo. Mtume akamwongezea kidogo, naye akasema anaweza zaidi. Wakaendelea hivyo mpaka wakafika kwenye funga ya Nabii Daud (a.s.), yaani kufunga siku moja na kula siku moja, na kukhitimu kwa siku saba.

Miaka ikaenda. Abdullah akazeeka, mwili ukachoka. Akawa anatamani laiti angeikubali ile ruhusa ya mwanzo. Lakini hakutaka kuacha jambo aliloachana na Mtume akiwa nalo. Basi ikabidi ale siku kadhaa mfululizo apate nguvu, azihesabu, kisha afunge idadi ileile. Hadithi hii ameipokea Bukhari. Oneni: Mtume (s.a.w.) alikuwa anamtazama kijana, lakini alikuwa anampimia mzee atakayekuja kuwa.

Na Anas (r.a.) amesimulia kwamba Mtume aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa kati ya nguzo mbili. Akauliza, akaambiwa ni ya Zaynab, akichoka katika swala anaishika. Akaamrisha ifunguliwe. Mtu aswali akiwa na uchangamfu, akichoka akae. Na Mama Aisha (r.a.) ametufikishia kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo.

Lakini tahadhari. Kupunguza hapa si kuacha faraidhi. Swala tano ziko palepale, funga iko palepale. Tunachopunguza ni yale tuliyojiongezea wenyewe mpaka yakaanza kula faraidhi. Mtu anakesha mpaka saa nane, halafu alfajiri inampita amelala. Huyo hajazidisha, amepunguza.

Hapa Nyarugusu siku yetu tayari imejaa. Walioingia 1996 kutoka Congo na waliokuja 2015 kutoka Burundi, wote tunajua foleni ya maji na foleni ya mgao. Mama anarudi na kuni kichwani, amefunga, kisha anataka futari ya sahani nne kwa sababu jirani kapika nne. Adhana ya magharibi inamkuta jikoni, ya isha inamkuta anaosha sufuria. Mama zangu, uji na maharage vinatosha. Maharage yalowekeni tangu asubuhi, yataiva upesi kwa kuni chache. Muda unaobaki ni wenu na Mola wenu. Na sisi wanaume tusiokamata hata ndoo, tusilalamike futari ikiwa moja. Mtume (s.a.w.) alikuwa akisaidia kazi za nyumbani kwake.

*Kazi ya leo:*

1. Andika yote uliyonuia kufanya Ramadhani hii.
2. Bakisha mawili tu ambayo unaweza kuyafanya hata siku ya mgao, hata siku ya homa. Kurasa mbili za Qur'ani. Rakaa mbili usiku.
3. Jiulize: hili nitaliweza Shawwal? Kama hapana, lipunguze tena.

Msikitini nimeanza mimi. Mwaka huu ratiba ina vitu vitatu: watoto asubuhi, darsa moja fupi baada ya alasiri, na tarawehe ya sura fupi ambayo mzee na mjamzito wanaiweza. Yule kijana nilimfuata kwao kabla ya mwezi kuandama, nikamwomba msamaha mbele ya mama yake. Amerudi. Bado 'ain inamsumbua, lakini kila asubuhi akija anakuta mlango uko wazi.

Ee Allah, tukubalie kidogo chetu, utujaalie tudumu nacho, na usitufanye tukaanza kwa kishindo tukaishia njiani. Amin.

Mfikishie na jirani asiye na simu. Leo tarawehe ni fupi, njooni.