Mfuko wa tajiri si bima ya boti

Tajiri mwenye boti nyingi anaweza kukuambia hana haja ya bima: ana mfuko wake, lolote likitokea atalipa mwenyewe. Kama unavuka kati ya Mwanza na visiwa vya Ukerewe, usiridhike na kauli hiyo.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliirekebisha Sheria ya Bima, ikaingiza vyombo vya majini na vivuko kwenye bima za lazima. Bima hiyo hukatwa kwa kampuni iliyosajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Pesa za mfuko wa tajiri zinaweza kesho kununua injini mpya, na hakuna anayezilinda kwa niaba yako.

Kule California, Marekani, mwenye magari zaidi ya 25 anaweza kuruhusiwa kujikinga mwenyewe, ila ni serikali inayompa cheti baada ya kujiridhisha kwamba ana uwezo wa kulipa. Tena hayo ni magari. MV Nyerere, kivuko cha serikali cha abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 220. Tajiri gani ana mfuko wa kubeba msiba wa namna hiyo kwa siku moja?

Kwa hiyo, kabla ya kupanda, omba kuona cheti cha bima. Kitaje chombo hicho hicho unachopanda, na tarehe yake iwe haijapita. Cha boti nyingine ya tajiri huyo hakikusaidii. Hakikisha jina lako limeandikwa kwenye orodha ya abiria. Tiketi ipige picha, umtumie ndugu aliyebaki nchi kavu, kwa sababu ya mfukoni itazama na wewe.

Ajali ikitokea, mwenye boti asiye na bima bado anadaiwa. Mke, mume, watoto na wazazi wa marehemu wanaweza kumshtaki kama kifo kilitokana na uzembe. Rambirambi ipokeeni, lakini msisaini karatasi ya "tumemalizana".

Wafanyakazi wa boti wana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango ni wa mwajiri. Mshahara wako usikatwe hata shilingi.

Chombo kibovu au kilichojaza kupita kiasi, waambie TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini. Kampuni ya bima ikikuzungusha, nenda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na usikae na madai yako nyumbani, maana muda wa kushtaki una kikomo.