Gharama ya Parachichi: Sukari, Mafuta na Maji

Parachichi na chungwa vyenye uzito sawa havikuigharimu miti yake kwa kiasi kimoja. Chungwa ni ghala la maji yenye sukari; parachichi ni ghala la mafuta. Kwa mlaji tofauti hiyo ni ya ladha tu, lakini kwa mmea ni jambo zito, nayo ni mojawapo ya sababu zinazowafanya wakulima wa Njombe, Rungwe au Murang'a wavune tele mwaka mmoja na haba mwaka unaofuata.

Sukari hutengenezwa majanini kwa nguvu ya jua, kazi iitwayo usanisinuru. Kutoka huko husafirishwa hadi tundani, ambako seli za nyama ya tunda huigeuza kuwa mafuta. Mageuzi hayo yana hasara. Molekuli ya glukosi ina atomi 6 za kaboni. Inapovunjwa ili vipande vyake viungwe kuwa asidi za mafuta, atomi 2 hutoka kama hewa ya ukaa, zikabaki 4. Sukari nyingine huunguzwa ili kuendesha kazi yenyewe. Hivyo zahitajika gramu 3 hivi za glukosi kupata gramu 1 ya mafuta. Gramu hiyo hubeba kilojuli zipatazo 37, na gramu ya wanga 17 tu.

Ichukuliwe nyama ya parachichi ya gramu 200, yenye mafuta asilimia 20. Mafuta ni gramu 40, nayo yamekula gramu 120 za sukari. Nyama ya chungwa ya uzito huo ina sukari gramu 20 hivi! Haishangazi kwamba mparachichi huchanua maua kwa malaki, kisha ukaangusha karibu yote pamoja na vitunda vingi vichanga. Wala kwamba ukishabeba mzigo mkubwa huishiwa na akiba ya kuchanulia msimu ujao.

Sukari nayo hununuliwa kwa maji. Ili jani lipate hewa ya ukaa ni lazima lifungue vitundu vyake vidogo, na papo hapo mvuke hutoka. Kila gramu ya chakula kinachotengenezwa hivyo huligharimu jani mamia ya gramu za maji, kwa hiyo nyuma ya tunda moja zimepita makumi ya lita. Jua likiwa kali, majani huweza kunyonya maji hata kutoka tundani: tunda husinyaa kidogo mchana na kujaa tena usiku. Mizizi ya mparachichi haiendi mbali chini, wala haistahimili udongo uliotuama maji. Mkulima hubanwa pande zote mbili.

Hapa wanafunzi wengi hukosea. Husemwa kwamba maji ya tunda hupungua kadiri mafuta yanavyoongezeka, na ni kweli kwa asilimia, si kwa kiasi. Nyama ya gramu 100 yenye maji asilimia 85 ina gramu 85 za maji. Ikikua hadi gramu 200 yenye maji asilimia 72, ina gramu 144.

Jumla ya asilimia za maji na mafuta haibadiliki sana, na jambo hilo lina faida kubwa. Parachichi haliivi likiwa mtini. Hulainika baada ya kuchumwa. Likichumwa kabla ya mafuta kutosha, hunyauka na kuwa kama mpira, na ukubwa wa tunda pekee hautoshi kumwonya mchumaji. Kwa hiyo wanunuzi hupima mabaki makavu: kwa aina ya Hass hutakiwa asilimia 21 hadi 24, kwa kadiri ya soko. Kenya imewahi kusimamisha usafirishaji wa parachichi kwa meli mwishoni mwa mwaka ili kuzuia uchumaji wa matunda machanga.

Kipimo hicho chawezekana shuleni. Nyama ya tunda gumu ikwaruzwe, zipimwe gramu 10, zikaushwe kwa moto mdogo bila kuungua, na kupimwa tena na tena hadi uzito usibadilike. Maji hutoka, mafuta hubaki. Zikibaki gramu 2.3, mabaki makavu ni asilimia 23. Matunda ya mti mmoja yakipimwa kila baada ya wiki mbili, darasa litaweza kuchora grafu ya mafuta yanavyojirundika.