Meza mbili zinazotazamana: kuandaa maonyesho ya mwandishi wa watoto Rujewa

Shule au kikundi cha wazazi kinachotaka kumuenzi mwandishi wa watoto hapa Rujewa hakihitaji jumba la makumbusho. Darasa moja lenye mlango wa kufungwa linatosha, pamoja na meza kadhaa, kamba ya kutundikia picha, nakala za vitabu, na wazee wanaoijua nchi inayosimuliwa humo. Tafuteni wazee kwanza. Meza zitapatikana.

Kama wilaya yetu ya Mbarali ina mtu wake aliyewaandikia watoto, awe wa mbele hata kama ana kitabu kimoja tu. Asipopatikana, msikae kumngoja. Pendekezo langu ni M. M. Mulokozi, kwa riwaya zake fupi za vijana, Ngome ya Mianzi (1990) na Ngoma ya Mianzi (1991). Kwao ni Kagera, na tasnifu yake ya udaktari aliiandika juu ya tenzi za Wahaya zinazoimbwa kwa ala ya nanga. Alikwishasikiliza kwa makini masimulizi ya nyumbani kwake kabla ya kuwaandikia vijana habari za Uhehe na vita vya Wajerumani, yaani habari za jirani zetu wa upande wa Iringa.

Hapo ndipo maonyesho ya Rujewa yanapopata uzito wake. Mtoto hufundishwa Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipokiangamiza kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski. Hufundishwa kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894, na kifo cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mwaka 1898. Lakini Usangu, nchi yetu hii, ina upande wake. Wahehe walikuwa wamewafukuza watawala wa Wasangu, waliorithishana jina la Merere, hadi Usafwa. Wajerumani walipoingia, Merere aliungana nao na kurejea Usangu. Kwa hiyo mtoto wa hapa anasoma ushujaa wa Mkwawa darasani, kisha jioni anaketi na babu mwenye masimulizi mengine kabisa.

Msilifiche jambo hili. Pangeni meza mbili zinazotazamana. Ya kwanza iwe na vitabu, picha za Lugalo na Kalenga, na ramani iliyochorwa na wanafunzi wenyewe. Ya pili iwe na masimulizi ya wazee wa Usangu, yaliyorekodiwa kwa simu na kuandikwa kwa Kisangu na kwa Kiswahili, yakiwa na jina la msimulizi kama ameridhia, kijiji chake na tarehe. Pasiwe na mtu mzima wa kukata shauri katikati. Mtoto aachwe asome huku na huku, na apewe karatasi ya kuandika swali lake. Fuvu la Mkwawa, lililorejeshwa nchini mwaka 1954, limo katika makumbusho ya Kalenga. Kwa watoto wadogo sioni haja ya kutundika picha yake.

Jambo jingine ni kuileta nchi yenyewe ndani ya chumba. Kule Uingereza, Beatrix Potter alinunua nyumba ya Hill Top mwaka 1905, katika wilaya ya maziwa ya kaskazini, akaichora humo vitabuni mwake: ngazi, kabati la vyombo, bustani. Hadi leo wageni huingia na kulinganisha picha na kitu chenyewe. Rujewa inaweza kufanya hivyo bila gharama. Pembeni mwa ukurasa unaotaja mianzi, wekeni mianzi. Kisha wekeni vitu vya nchi yetu ambavyo bado havijapata kitabu chake: masuke ya mpunga, jembe lenye tope la jaruba, kombeo la kuamia ndege, picha za ardhioevu ya Ihefu na za mto Ruaha Mkuu masika na kiangazi. Mtoto aliyeshinda shambani akifukuza kwelea kwelea anayo hadithi ambayo hakuna mwandishi wa Dar es Salaam atakayemwandikia vizuri kuliko yeye.

Sasa ruhusa. Kuweka mezani kitabu mlichokinunua hakuna tatizo. Kutoa kopi za kurasa, kukuza michoro au kusambaza sauti ya mtu akisoma kitabu kunahitaji idhini ya mwandishi au mchapishaji, na mchoraji naye ana haki yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi katika uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mkikwama, waulizeni COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini. Barua kwa mchapishaji ziandikwe mapema, maana majibu huchelewa. Ofisi ya mtendaji wa kata, afisa elimu kata na afisa utamaduni wa halmashauri nao wapewe taarifa kwa maandishi.

Aprili na Mei haifai, mpunga unaiva na watoto wako mashambani. Julai ni nzuri: mavuno yamepungua na shule zimefunguliwa. Kiangazi chetu kina vumbi, kwa hiyo funikeni karatasi kwa nailoni angavu na mziweke mbali na jua la dirishani. Picha za zamani za familia zitolewe kopi na za asili zirudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Zisiguswe na gundi wala selotepu. Maelezo yatundikwe kiasi cha mita moja kutoka sakafuni, kwa herufi kubwa, sentensi tatu au nne tu. Na lazima ziwepo nakala ambazo watoto wataruhusiwa kuzishika na kuzifungua. Zitachakaa, zinunuliwe kwa kusudi hilo.

Mwisho, msimsahau mwandishi ajaye. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, imefungua mlango kwa hadithi za watoto. Masharti yasomwe katika tangazo la mwaka husika. Mwalimu au mzazi wa Mbarali mwenye mswada kabatini aalikwe siku ya ufunguzi, awasomee watoto kipande, asikie maswali yao, ndipo aurekebishe na kuutuma.