Cha Bum-kun: Mchezaji na Mwalimu wa Mpira

Muhula uliopita, katika mdahalo wetu wa Jumamosi, tulibishana kama mchezaji hodari aweza kuwa mwalimu hodari wa mpira. Mimi nilikuwa upande wa wanaokubali, nikamtaja Cha Bum-kun wa Korea ya Kusini. Mara akainuka ndugu mmoja wa darasa la chini, akasema, "Huyo si ndiye aliyefungwa mabao matano, akafukuzwa kabla mashindano hayajaisha?" Watu wakacheka, nami nikakaa kitako. Mabao yake niliyajua, ualimu wake sikuujua. Tangu siku ile nimezisoma habari zake, na leo nawaletea ninyi wenzangu, pamoja na ninyi wazee wetu mliomaliza hapa.

Cha alizaliwa mwaka 1953 huko Hwaseong, si mbali na Seoul. Mwaka 1972, kabla hajatimiza miaka 19, aliingia timu ya taifa. Watu wa kwao hawajausahau mchezo wa mwaka 1976 walipocheza na Malaysia. Wakorea walikuwa nyuma kwa mabao manne kwa moja, zimebaki dakika chache tu, na baadhi ya watazamaji bila shaka walikwisha kata tamaa. Cha akafunga matatu peke yake, ikawa nne kwa nne.

Mwishoni mwa mwaka 1978 alikwenda Ujerumani kuchezea timu ya Darmstadt. Alicheza mchezo mmoja tu! Utumishi wake katika jeshi la anga ulikuwa haujaisha, ikambidi arudi nyumbani kuumaliza. Mwaka 1979 alirudi tena Ujerumani, safari hii kwa timu ya Eintracht Frankfurt, na mwaka 1980 wakatwaa Kombe la UEFA. Fainali ilichezwa mara mbili, kila timu kwake. Frankfurt walifungwa tatu kwa mbili ugenini, wakashinda moja kwa sifuri nyumbani. Jumla ilikuwa tatu kwa tatu, lakini kwa sheria ya siku zile timu iliyofunga mabao mengi zaidi ugenini ndiyo mshindi. (Sheria hiyo iliondolewa mwaka 2021.)

Mwaka ule ule wa 1980 beki mmoja wa Bayer Leverkusen alimwumiza vibaya mgongo. Mwaka 1983 Cha alihamia Leverkusen, akamkuta beki yule yule bado yupo, wakacheza pamoja. Sijui kama mimi ningeweza.

Akiwa Leverkusen alifika tena fainali ya kombe lile, mwaka 1988. Kwa Espanyol, huko Barcelona, walifungwa matatu kwa sifuri. Katika mchezo wa marudiano hafutaimu ilifika bila bao lo lote. Kisha wakafunga moja, wakafunga la pili, na dakika ya 81 Cha, zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka 35, akaruka na kufunga la tatu kwa kichwa. Wakashinda kwa penalti. Alipoacha kucheza mwaka 1989 alikuwa amecheza michezo 308 ya ligi kuu ya Ujerumani, akafunga mabao 98, na katika hayo hakuna hata moja la penalti.

Sasa nafika kwenye ualimu, ambako ndugu yangu alinikamata. Cha aliifundisha timu ya Hyundai ya Ulsan kuanzia mwaka 1991 mpaka 1994, na mwaka 1997 akapewa timu ya taifa. Septemba mwaka ule walikwenda Tokyo kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Japani ilitangulia kufunga. Zikiwa zimebaki kama dakika saba Korea ikasawazisha, na baada ya dakika chache ikafunga la pili. Siku ile hakuna aliyeuliza kama Cha anajua kufundisha.

Mwaka 1998, huko Ufaransa, mchezo wao wa kwanza ulikuwa na Meksiko. Ha Seok-ju alifunga, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa Korea kuwa mbele katika Kombe la Dunia. Baada ya dakika mbili hivi huyo huyo Ha akamchezea mtu rafu kwa nyuma, akatolewa kwa kadi nyekundu. Watu kumi wakafungwa tatu kwa moja. Kisha wakakutana na Uholanzi huko Marseille, wakafungwa matano kwa sifuri. Mara Chama cha Mpira kikamwachisha kazi, na mchezo wa tatu, dhidi ya Ubelgiji, ukasimamiwa na msaidizi wake. Ulikwisha moja kwa moja. Mwaka ule walimu wa Tunisia na Saudi Arabia nao waliachishwa kazi mashindano yakiendelea.

Lakini hebu tuhesabu sawasawa. Kabla ya hapo Korea ilikwisha kwenda Kombe la Dunia mwaka 1954, 1986, 1990 na 1994, na haikushinda hata mchezo mmoja. Cha alifukuzwa kwa kukosa kitu ambacho hakuna mwalimu aliyekipata kabla yake. Na nani alikuwa mwalimu wa Uholanzi siku ile ya mabao matano? Guus Hiddink. Korea ilimwajiri Hiddink, na mwaka 2002 akaifikisha nusu fainali. Katika timu ile alikuwamo kijana Cha Du-ri, mwana wa Cha Bum-kun, na baba mtu alikuwa akitangaza mpira katika televisheni. Alikuwamo pia Park Ji-sung, ambaye alipokuwa mtoto wa shule ya msingi alipewa tuzo ya watoto aliyoianzisha Cha mwaka 1988.

Cha mwenyewe alirudi kufundisha mwaka 2004, katika timu ya Suwon, na mwaka ule ule wakawa mabingwa wa nchi. Mwaka 2008 wakawa mabingwa tena. Aliondoka mwaka 2010.

Basi, ndugu yangu wa darasa la chini, mabao matano ni kweli, nayakubali. Ubingwa wa mara mbili hukuutaja, nami usiku ule sikuujua. Mdahalo ukirudiwa muhula huu, naomba nafasi ya kusema kwanza.