Kaida za Utanzu katika Kionjo cha Filamu ya Kutisha

Kionjo si muhtasari wa filamu. Mwanafunzi anayetunga kionjo cha filamu ya kutisha aghalabu huisahau tofauti hii. Huhofia kutoeleweka, akalifichua zimwi mapema, na taharuki ikaisha kabla hadhira haijalipa kiingilio.

Kaida za utanzu huu zinajulikana: giza, nyumba iliyotengwa, mlango unaojifungua, kimya kinachokatizwa na ukelele. Swali la kimsingi ni namna kaida hizo zinavyoilinda siri. Katika kionjo cha *Psycho* (1960), Alfred Hitchcock mwenyewe anaitembeza hadhira ndani ya moteli na nyumba ya mauaji, kwa ukarimu wa mwenyeji, akianza sentensi na kuziacha njiani. Hatimaye anavuta pazia la bafu, na mwanamke anapiga mayowe. (Mwanamke huyo ni Vera Miles, wala si Janet Leigh ambaye mhusika wake huuawa bafuni katika filamu yenyewe!) Kionjo cha *Alien* (1979) nacho hakina mazungumzo, yai linapasuka, mwanga unachomoza, watu wanakimbia.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kuiga moteli ya Marekani. Katika ngano za mazimwi, fanani huujenga woga kwa sauti, kwa wimbo unaorudiwarudiwa, na kwa kunyamaza mahali pafaapo. Hapa kinasa sauti kizuri kitafaa kuliko kinyago cha bei ghali. Wimbo wa zimwi usikike mara tatu, kila mara karibu zaidi. Mara ya tatu skrini iwe nyeusi kabla mshororo wa mwisho haujatamkwa.